Vinara vya Kifaransa: kimoja kizima, kimoja kimeoshwa

Pesa ya korosho ilikuwa bado mfukoni, ndiyo maana nikatoa laki nane kwa vinara viwili vya mishumaa kwa muuza vitu vya kale mmoja hapa Mtwara mjini. Alianzia milioni na nusu.

Ni vya shaba iliyopakwa dhahabu, kila kimoja matawi matatu, na kwenye kitako vichwa vya kondoo dume wenye pembe za kujikunja. Mtoto wa jirani aliuliza kama ni mbuzi wa Idi.

Muuzaji aliapa ni vya enzi za mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, karne ya 18. Mtindo kweli ni ule: mashada ya majani, nguzo zilizonyooka, mambo waliyoyapenda Wafaransa baada ya Pompeii, mji wa kale wa Warumi uliofukiwa na volkano, kuanza kufukuliwa mwaka 1748. Ila mtindo si umri. Karne ya 19 waliiga sana kazi hizo. Nilipofika nyumbani Mikindani nikafungua skrubu za vyote viwili, nikatia za hiki kwenye kile. Zikaingia bila ubishi. Skrubu za zamani zilichongwa kwa mkono, kila moja na tundu lake. Hizi ni za mashine, basi vinara ni vya kuigiza.

Sikulia kwa hilo. Kilichoniuma ni kinara cha pili. "Dada, hiki nimekuoshea kabisa, ona kinavyong'aa!" Muuzaji alikuwa amekisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba. Kaka wa watu, umeosha na dhahabu yenyewe! Zamani mafundi walichanganya dhahabu na zebaki, wakapaka, wakachoma mpaka zebaki ipae na moshi, na moshi huo uliwaua wengi wao. Baadaye ikaja ya kuchovya kwa umeme. Iwe ipi, ni utando mwembamba, haustahimili kusuguliwa. Sasa kondoo wa kinara hicho wana pua nyekundunyekundu, shaba tupu.

Chumvi ya bahari nayo haina huruma. Mwezi wa pili niliona unga wa kijani ndani ya mikunjo ya pembe, nikavihamishia kabati la ndani. Navifuta kwa kipande cha kanga kikavu, nta naibandua kwa maji ya uvuguvugu, kisu hakigusi.

Umeme ukikatika, mishumaa sita inatosha kula samaki bila kuchomwa na mwiba, mradi dirisha la baharini limefungwa.

Nyota nne kwa kimoja, mbili kwa mwenzake. Dukani kwake kuna kioo nakitamani. Nimempigia simu: asikiguse, nakuja Jumamosi.