Kupima fizi kwa maji ya kusukutua: kipimo cha aMMP-8 katika kliniki za Kisumu

Kipimo ninachokizungumzia ni kile cha ugonjwa wa fizi kinachofanywa kwa kusukutua, kinachosaka kimeng'enya kiitwacho aMMP-8. Ukikiona utadhani ni cha malaria: kaseti nyeupe, kidirisha chenye C (mstari unaothibitisha kaseti imefanya kazi) na T (mstari wa jibu), matone machache, subira ya dakika 5. Nakitumia Kisumu mjini na katika kliniki za nje kuelekea Ahero na Muhoroni, ambako kiti cha meno hakuna na foleni ni ndefu. Kinafaa sana kuamua nani aonwe kwanza. Kumwambia mtu kwamba fizi zake ni nzima, hakifai.

Chembe nyeupe za damu zinapopambana na utando wa bakteria chini ya ufizi, humwaga kimeng'enya hiki, nacho hukata kolajeni, yaani zile nyuzi zinazoushika mzizi wa jino kwenye mfupa. Kikizidi katika majimaji yanayovuja kati ya jino na ufizi, hupatikana pia mdomoni. Mstari wa T hujitokeza kiwango kikifika nanogramu 20 kwa mililita. Kwa hiyo kaseti inasema habari za leo: nyuzi zinakatwa sasa hivi, au la. Haisemi mfupa umeshuka kiasi gani. Mtu aliyepoteza nusu ya mfupa miaka iliyopita, kisha akaondolewa ugaga (uchafu uliogandamana kwenye meno) na kuzitunza fizi zake, anaweza kutoka na mstari mmoja tu, ule wa C, na jibu hilo ni sahihi.

Makosa mengi hutokea kabla hata kaseti haijafunguliwa. Mgonjwa asukutue kwanza kwa maji ya bomba sekunde 30, ateme. Hayo ni ya kufagia mate ya zamani, chai na makombo. Asubiri dakika 1. Dakika hiyo ndiyo wahudumu huiruka foleni ikibana, na ndiyo inayoyapa majimaji ya fizi nafasi ya kujikusanya upya. Kisha apewe mililita 5 za maji yaliyokuja na kisanduku, asukutue tena sekunde 30 akiyapitisha kwa nguvu kati ya meno, si kuyazungusha mashavuni tu, halafu ateme yote kwenye kikombe. Navuta mililita 3 kwa sirinji, nafunga kichujio kwenye ncha, nadondosha matone 3 au 4 kwenye kitundu cha kaseti na kuwasha saa. Nasoma dakika ya 5. Ikipita dakika ya 10 naitupa hata kama mstari unavutia, kwa sababu ukanda ukikauka rangi huweza kurudi nyuma na kuchora mstari ambao haukuwapo.

Huku kwetu kisumbufu kikubwa ni kichujio. Mtu amekaa foleni tangu asubuhi, ametafuna njugu, mahindi choma au muwa, na ukimpa dakika moja ya kusukutua bado nyuzi za muwa zimo. Sirinji ikigoma usiilazimishe: kichujio hupasuka, makombo hupita, na ukanda huziba katikati ya njia. C isipotokea, kaseti hiyo ni hasara. Mimi hutaka nusu saa ipite tangu kula, na nawakataza kupiga mswaki papo hapo kwenye foleni. Fizi zikitoka damu kidirisha hugeuka waridi na mstari hafifu hupotea ndani yake. Mstari hafifu nao ni mstari, T ikionekana kama kivuli nahesabu kuwa ipo. Wahudumu wawili wakibishana mbele ya kaseti moja, hapo ndipo kimashine kidogo cha kusomea kinaporudisha gharama yake, maana hutoa namba.

Kuhusu joto: paa la mabati saa nane mchana kando ya ziwa hupandisha chumba kupita nyuzi joto 30, na kaseti za aina hii hazipendi. Nazibeba kwenye kisanduku baridi, zikiwa zimetenganishwa na barafu kwa kitambaa ili zisigande, na pakiti ya karatasi ya fedha naichana pale tu matone yakiwa tayari kudondoshwa kwenye kaseti. Ukichana kumi kwa pamoja ili kuokoa muda, unyevunyevu wa ziwa unaziharibu zikiwa mezani.

Sasa majibu ya uongo. Yanayoniogopesha ni yale yanayosema hakuna kitu wakati kipo. Kimeng'enya kinachotoka kwenye kifuko kimoja kirefu (pengo ambapo ufizi umeachana na jino) nyuma ya gego huyeyuka ndani ya mililita 5 na kushuka chini ya kiwango. Mwenye meno machache ana fizi chache za kumwaga kimeng'enya, kwa hiyo nahesabu meno kabla ya kupima. Mzee wa Kiluo aliyetolewa meno sita ya chini kwa mila ya zamani hakuyapoteza kwa ugonjwa, lakini pengo lake lazima liandikwe. Mvutaji sigara ana fizi ngumu zisizotoka damu, na kipimo chake pia huweza kuonekana kitulivu kuliko hali ilivyo. Anayetumia doksisaiklini, dawa ya kawaida kwa bruselosi (ugonjwa unaotoka kwa mifugo), naye huweza kudanganya kaseti, kwa kuwa dawa hiyo hukizuia kimeng'enya chenyewe mbali na kuua bakteria. Nauliza dawa zote kwa majina, na wengi hukumbuka rangi tu ya kidonge.

Hesabu hii ni ya kubuni, lakini inasaidia. Chukua watu 100, 40 kati yao wakiwa na ugonjwa, na kipimo kinachopatia mara 8 katika 10 kwa wagonjwa na kwa wazima vilevile. Utapata mistari ya T 44: wagonjwa 32 na wazima 12. Nane wenye ugonjwa wameenda nyumbani wakifurahi. Kwa foleni ya kuchagua nani aketi kwanza, si vibaya. Kwa cheti cha afya, ni aibu.

Mshindani wake ni kile kijiti cha chuma cha WHO chenye kitufe cha nusu milimita kwenye ncha na bendi nyeusi kutoka milimita 3.5 hadi 5.5. Bendi ikizama yote, kifuko kimepita 5.5, na hakuna mate yanayoweza kukwambia hivyo. Chuma hupikwa kwenye otoklevu, mtambo wa mvuke wa kuua vijidudu, na kurudi kazini, kaseti hutupwa. Ila chuma kinahitaji mikono iliyofunzwa, mwanga, na mgonjwa anayevumilia kuchomwachomwa. Kaseti inaweza kushikwa na nesi wa kliniki ya kisukari, na hapo ndipo ninapoipa alama ya juu kabisa: sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi, fizi mbovu huitatiza sukari, na wagonjwa hao tayari wamekaa kwenye benchi wakingoja kutobolewa kidole.

Vipimo vingine vya mate sivipendi kivile. Vile vinavyotafuta bakteria kwa DNA husafirishwa maabara, na Porphyromonas gingivalis, bakteria anayehusishwa na ugonjwa wa fizi, hupatikana hata kwa watu wenye fizi nzima, kwa hiyo jibu mara nyingi halibadilishi tiba. Bado mgonjwa ataondolewa ugaga na kufundishwa kupitisha uzi kati ya meno.

Upande wa Nakuru kuna jambo la kuwaeleza watu kabla hawajatema hata tone. Meno ya kahawia yanayotokana na floridi ya maji ya visima si ugonjwa wa fizi, na kaseti haiyaoni. Kijana mwenye madoa hayo anaweza kuwa na fizi safi kuliko mwenzake mwenye meno meupe.

Kwenye daftari naandika saa ya kudondosha, saa ya kusoma, C na T, idadi ya meno, sigara na dawa. Mwenye T anaenda kupimwa kwa chuma. Asiye na T lakini anavuta, ana kisukari, jino linatikisika au fizi hutoka damu, naye anaenda. Baada ya kuondolewa ugaga narudia kipimo miezi mitatu baadaye, pamoja na chuma, kamwe si kaseti peke yake. Vikombe, sirinji na kaseti huingia mfuko wa manjano wa taka za kuambukiza, na glavu hubadilishwa kwa kila mdomo.