Leadville hadi Maroon Lake kwa gari kupitia Independence Pass: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Anza na tiketi, gari baadaye. Maroon Lake, ziwa lililo mita 2,920 juu ya usawa wa bahari karibu na Aspen, Colorado, haliendeki kwa kubahatisha. Kuanzia Juni hadi Oktoba unanunua mtandaoni nafasi ya basi linaloondokea Aspen Highlands, au nafasi ya kuegesha gari lako kule juu. Za kuegesha huisha mapema, hasa za mwishoni mwa Septemba majani yakigeuka manjano. Hifadhi tiketi kwenye simu kabla ya kuondoka, maana ziwani mtandao haushiki.

Kutoka Denver shika barabara kuu ya I-70, chepuka Copper Mountain, fuata barabara namba 91 hadi Leadville. Mji huu pekee unatosha safari. Madini ya fedha yalimtajirisha Horace Tabor hadi akajenga jumba la opera mwaka 1879, na bado limesimama barabara kuu. Mwaka 1893 serikali ya Marekani ilifuta sheria iliyoibana kununua madini hayo, bei ikaporomoka, Tabor akafilisika. Nje kidogo ya mji kuna mgodi wake wa Matchless, ambako mjane wake alikutwa amekufa mwaka 1935.

Ila usilale Leadville kama umetoka pwani juzi: uko mita 3,094, kichwa kitagonga na usingizi hauji. Jaza tangi hapo hapo. Aspen mafuta ni ghali.

Kutoka Twin Lakes, kijiji kilicho kusini mwa Leadville, unapanda barabara namba 82 hadi kilele cha Independence Pass, njia ya kuvukia milima, mita 3,687. Njia hufungwa majira ya baridi, na gari lenye urefu wa zaidi ya futi 35, tela likiwemo, haliruhusiwi kabisa. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na turbo hupoteza kama theluthi ya nguvu zake, usijaribu kuovateki. Kazi yenyewe iko upande wa Aspen. Kuna sehemu lami imebanwa kati ya mwamba na korongo, magari mawili hayapishani, vizuizi vya pembeni hakuna. Anayeshuka humpisha anayepanda. Shuka kwa gia ndogo, hata kwa gari la oto; ukisikia harufu ya breki, egesha zipoe. Julai na Agosti vuka kabla ya saa sita mchana, kwani radi hupiga alasiri.

Kilomita 25 kabla ya Aspen kuna magofu ya Independence, mji wa dhahabu wa 1879. Theluji ya 1899 ilipowakatia chakula, wakazi walibomoa mbao za nyumba zao, wakachonga skii, yaani vibao vya kutelezea thelujini, na kuteleza hadi Aspen.

Nyota moja niliyoipunguza ni kwa sababu ya bei za vyumba Aspen. Lala Glenwood Springs, kilomita 65 hivi chini ya bonde, na uchukue basi la asubuhi kabisa: upepo ukianza tu, taswira ya milima majini inavurugika.