Kuzuia chavua ya GMO isifikie mahindi ya kawaida: umbali au muda?

Jirani akipanda mahindi ya GMO (yaliyobadilishwa vinasaba) nawe unataka yako yabaki ya kawaida, njia kuu ni mbili: kutenganisha mashamba au kupishanisha siku za kupanda.

Binafsi nauamini zaidi umbali. Chavua ya mahindi ni nzito, na nyingi huanguka karibu na mmea ulioitoa. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu wengi huacha mita 200 hivi. Gharama yake ni ardhi, na upepo mkali bado unaweza kupitisha chembe chache.

Muda hauli ardhi. Mkipishana wiki 3 au 4, mbelewele za jirani huwa zimemaliza kumwaga chavua kabla ndevu za mahindi yako hazijatoka. Lakini ukame au baridi huvuruga ratiba hiyo, na msimu mfupi wa mvua haumsubiri mtu. Tena lazima muelewane kweli, kwa sababu jirani akirudishia mbegu baadaye kwenye mapengo yasiyoota, hesabu yote imeharibika.

Mwenye eneo kubwa atenge. Mwenye kipande chembamba na maji ya kumwagilia apishanishe, na mahindi ya mistari ya mpakani asiyafanye mbegu.