Shinji na Asuka: huruma kwa nani, lawama kwa nani?
Katika Evangelion, katuni ya Kijapani (anime), wote wawili ni watoto wa miaka 14, na wote waliumizwa nyumbani. Shinji alitelekezwa na baba yake. Asuka alimkuta mama yake amejinyonga, mama ambaye kabla ya hapo alikuwa akibembeleza mwanasesere akidhani ndiye bintiye. Kwangu mimi, kidonda cha Asuka kimechimba zaidi. Matusi anayomporomoshea Shinji yanauma, na hapo simtetei kabisa. Shinji naye namhurumia kwa upweke wake, ila kwenye filamu ya 1997, The End of Evangelion, anamkaba Asuka koo pale ufukweni. Asuka anainua mkono, anampapasa shavu taratibu. Shinji analegeza vidole, analia. Machozi yale yananigusa, lakini lawama ya pale naiweka kwake.