Bingo ya Jumamosi Shangani: X, T, dau na Nangwanda

Bingo ya kawaida (MC anaita namba, we unafunika zilizomo kwenye kadi yako) mimi inanichosha kiukweli, mstari mmoja ukijaa mtu anapiga kelele, imeisha. Ila hawa jamaa wa hapa Shangani Mtwara (ile gadeni ya kuchoma samaki, wenyeji mshajua naongelea wapi) kila raundi wanaweka mchoro wake wa ushindi, yaani umbo la vyumba unavyotakiwa kujaza kwenye kadi, na mchoro ukibadilika gemu lote linabadilika, ndo kilichonifanya nikae mpaka wanafunga.

Utaratibu wao mwepesi, ukiagiza msosi unapewa kadi bure, hakuna hela inayoshindaniwa, zawadi ni vitu tu, nadhani ndo maana hata wazee wenye kofia zao walikuwa wanacheza bila mtu kuwanong'ona kamari. Kadi ni zile za namba 75, vyumba vitano kwa vitano, cha katikati bure, safu tano za kushuka zina herufi B, I, N, G, O, B ina 1 mpaka 15, I 16 mpaka 30, hivyo hivyo mpaka O inamalizia 61 hadi 75. Spika yao inakwaruza vibaya mno lakini MC mjanja, anatamka B ya Bandari, N ya Nanyamba, G ya Gesi, kwa hiyo hata ukisikia "...na tatu" tu unajua uangalie wapi.

Sasa utamu wenyewe upo kwenye michoro. Walianza na kona nne, hiyo ya kupasha tu, B na O ndo zina kazi zingine pambo. Ikaja X, na hapa usipokuwa makini utapoteza muda, maana kwenye X safu yote ya N haihitajiki kasoro kile chumba cha bure, ikiitwa N ya Nanyamba ngapi sijui we kunywa soda yako. Halafu kuna waliyoiita Nangwanda, kama uwanja wetu wa mpira, unajaza ukuta wote wa nje, namba 16, hiyo ni ndefu balaa, watu mpaka wanaanza kuombea namba kwa sauti.

Ugomvi ukaja kwenye T. Mama mmoja meza ya jirani akapiga bingoo! kadi ikakaguliwa, namba zote zimeitwa kweli, ila T yake imesimama kwa kichwa. MC akamwambia mama yangu samahani, T ni mstari wa juu na N kushuka chini. Mama akajibu, "Mwanangu, hilo ulilisema saa ngapi?" Na kweli hakusema, ubaoni aliandika herufi tu hakuchora vyumba. Wakamkatalia, akakaa kanuna. Raundi iliyofuata MC anatangaza "sasa tunacheza dau!" (dau la baharini, sio la kamari) anachora, mstari wa chini ndo dau lenyewe, safu ya N juu yake ndo mlingoti... yaani ile ile ya mama! Gadeni nzima ilicheka mpaka mpishi akatoka kuangalia kuna nini. Jamani choreni mchoro kabla ya namba ya kwanza, na mseme kabisa kama ukigeuzwa unakubalika, si kazi kubwa.

Kingine ni zawadi. Kona nne, namba nne tu, mshindi kapewa kilo ya korosho za kukaanga. Nangwanda, namba 16, naye korosho kilo hiyo hiyo. Hapana aisee. Doti ya kanga mliyoweka kwenye X ilitakiwa ikae Nangwanda, na ile ya kujaza kadi nzima namba 24 mpeni mtu kuku mzima.

Za kufunikia namba wanatoa mbaazi kavu kwenye kisosi. Wazo zuri sema zinabiringika, mtoto akigusa meza X yako imehamia chini, mi nilikopa kalamu kwa dada wa kaunta nikawa natia alama.

Msosi wa kawaida, pweza mlaini kachomwa vizuri, chipsi zilichelewa mpaka raundi mbili zikapita. Nyota nne kwa bingo, tatu kwa jiko. Wanaanza saa moja usiku, meza za karibu na ubao zinawahiwa, na kalamu njoo na yako.