Bluu ya Mikindani: programu za kudizaini nilizozitumia Mtwara

Nina chumba kimoja cha kazi Chikongola, Mtwara mjini. Nadizaini lebo za korosho, kadi za harusi, mabango ya maduka, menyu za hoteli na picha za kurusha WhatsApp na Instagram. Kazi ndogondogo naprinti mwenyewe. Inayotaka mashine kubwa naituma Dar es Salaam kwa intaneti, mzigo unarudi kwa basi. Kosa nikilifanya hapa, naliona siku kadhaa baadaye, likiwa limeshachapwa mara elfu.

Nilianza na programu ya CorelDRAW, kama mafundi wengi wa mabango na stika. Kwa bango na kukata stika bado ndiyo naifungua kwanza: mkono umeshaizoea, na karakana nyingi ninazofanya nazo kazi zinapokea faili lake bila maswali. Jambo moja tu ulishike. Faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani. Nikimtumia fundi wa Masasi nahifadhi kwa toleo la chini, na maandishi yote nayageuza kuwa maumbo, maana kompyuta yake isipokuwa na fonti yangu itaweka yoyote iliyonayo.

Sasa niwaambie kilichonifundisha rangi. Nilitengeneza vipeperushi vya nyumba ya wageni ya Mikindani, bluu ya bahari imejaa ukurasa mzima. Kwenye kioo cha kompyuta iliwaka. Boksi lilipofika, bahari ilikuwa rangi ya biringanya. Mama mwenye nyumba alishika kipeperushi kimoja, akakigeuza huku na huku, akaniuliza taratibu, “Mwanangu, bahari yetu imekuwa zambarau lini?” Nilirudia kazi nzima kwa hela yangu.

Fundi wa mashine ndiye aliyenielewesha kwa simu: “Mdogo wangu, ulinitumia RGB.” Kioo kinatoa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu, ndiyo hiyo RGB. Karatasi haina mwanga, ina wino wa aina nne: samawati, majenta (pinki iliyokolea), njano na nyeusi, yaani CMYK. Ile bluu kali kabisa ya kioo ikigeuzwa inapewa majenta nyingi karibu sawa na samawati, na hapo ndipo zambarau inapozaliwa. Siku hizi bluu naichanganya mwenyewe: samawati asilimia 100, majenta isizidi asilimia 65. Tangu hapo sijapata bahari ya biringanya.

Illustrator na InDesign, programu za kampuni ya Adobe, nilizipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ukifungua kazi mpya unachagua mapema kama ni ya kuchapa au ya mtandaoni, na rangi zinafuata. Kwa kitabu chenye kurasa nyingi sijaona inayonitosha kama InDesign. Kule chini ina kidoti cha kijani kinachogeuka chekundu picha ikipotea, fonti ikikosekana au maandishi yakifurika nje ya kisanduku chake. Kidoti kile kimeniokoa usiku mwingi.

Tatizo ni mfuko. Tangu 2013 Adobe ilipohamia Creative Cloud, mpango wake wa malipo ya kila mwezi, programu hizi unazilipia kama kodi ya nyumba, kwa kadi ya benki, na kompyuta lazima iingie mtandaoni mara kwa mara kuthibitisha. Huku kwetu fedha ina msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba kila mtu anataka lebo na bango. Ikifika Aprili mlango wangu unalia kimya. Malipo ya mwezi hayajui hilo. Kwa hiyo nalipia mwezi ambao nina kitabu mkononi, basi.

Kazi nyingine nimezihamishia programu ya Affinity. Kampuni ya Canva waliinunua 2024, na mwaka uliofuata wakaifanya ya bure. Ninachokithamini ni kwamba CMYK ipo humo tangu mwanzo, PDF ya uchapaji inatoka safi, na michoro, picha na kurasa viko sehemu moja. Haifungui mafaili ya CorelDRAW, na kwa anayefanya kazi na karakana za huku hilo linauma. Faili la hivyo nalifungulia Inkscape, nayo ya bure. Lakini Inkscape inafikiri kwa RGB, hivyo siipi neno la mwisho kwenye kazi ya karatasi. Kwa nembo za tovuti ni nzuri sana. Faili lake la mchoro, SVG, linakuwa jepesi na halivunjiki hata ukilikuza.

Kazi ya mtandaoni kwa kweli haina mengi: pikseli 1080 kwa upana, RGB, na uzito mdogo, kwa sababu mteja anaifungua kwa bando lake.

Lebo za korosho za msimu huu nimezifanya Affinity. Nimeacha milimita 3 za kukatia kila upande. Maandishi madogo ya viungo na tarehe nimeyaweka wino mweusi asilimia 100 peke yake, kwa sababu herufi ndogo ikichapwa kwa wino wote wanne, karatasi ikisogea kidogo tu inaota kivuli. Boksi lilifika stendi alfajiri. Nililifungua pale pale, nikamulika kwa tochi ya simu, nikasoma lebo ya kwanza mpaka neno la mwisho.