Mchezo wa mezani wa kubeba ushago Krismasi hii: ninavyoipanga mimi

Ikifika wiki ya kwanza ya Desemba, swali huwa ni lile lile. Mtu amechoka kununua magari ya plastiki yanayong'oka gurudumu kabla hata wali haujaiva, anataka kitu kimoja cha familia nzima, na nauli ya kwenda ushago, yaani kijijini, imeshaanza kupanda. Anunue mchezo gani?

Mimi siangalii bei kwanza, wala umri ulioandikwa kwenye boksi. Nauliza hivi: anayeshindwa anakaa nje muda gani? Nyumba ikiwa na binamu kumi na mmoja, mtoto aliyetolewa saa mbili usiku akaambiwa angoje wakubwa wamalize, saa tatu utamkuta chini ya blanketi na simu ya mamake. Mchezo wa Krismasi unafaa uishe chai ikiwa bado ya moto, kisha wote waanze upya. Nimeipanga michezo hii kwa kipimo hicho, ulio bora ukitangulia.

1. Jenga

Neno ni letu. Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika akizungumza Kiswahili, aliutoa kwenye vipande vya mbao ambavyo familia yake ilikuwa ikichezea kule Ghana, akauzindua kwenye maonyesho ya michezo ya watoto London mwaka 1983. Kwa hiyo ukifika nao nyumbani huna sheria ya kueleza: unatoa kipande chini, unakiweka juu, ukiangusha umeshindwa. Shosho (bibi) asiyesoma na mtoto wa darasa la kwanza wanaanza wakiwa sawa, na mara nyingi shosho ndiye anayeshinda. Wetu hutumia kidole cha mwisho. Anakigonga kipande polepole, anasikiliza kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha anahamia kingine. Mnara ukianguka, kelele inasikika hadi kwa jirani, na dakika mbili baadaye umesimama tena.

Ya orijino ina vipande 54, yaani ghorofa 18 za vitatu vitatu. Ya feki niliyowahi kununua mjini ilikuwa na 48, na niligundua nikiwa nimeshafika nyumbani. Omba kufunguliwa boksi. Hesabu, kisha panga ghorofa tatu nne hapo kwenye kaunta na usukume vipande kwa kidole. Kimoja kikiteleza na mwenzake kikakaza, lipa: vipande hukatwa kwa tofauti ndogo ndogo makusudi, na hapo ndipo mchezo ulipo. Vyote vikinata kwa sababu ya rangi au vanishi, rudisha.

Shida yake ni meza. Stuli ya ushago ina mguu mmoja mfupi siku zote. Sisi hupindua sinia kubwa juu ya mkeka, na mwenye kuku awafungie.

2. UNO, au kadi za kawaida kama huoni haya

UNO ni mchezo wa kadi uliotungwa mwaka 1971 na Merle Robbins, kinyozi wa Ohio, Marekani, na kwa mtu wa Nairobi ni binamu wa ule mchezo wetu wa kadi za kawaida tunaouita kadi tu. Kama ulikua ukijua kwamba mbili na tatu zinalisha (anayefuata anaokota), J inaruka, K inarudisha na mwisho lazima useme "niko kadi", UNO utaushika kabla mtu hajamaliza kukusomea karatasi. Wanacheza wawili hadi kumi. Unabeba watu wengi, na boksi lake linaingia mfuko wa koti.

Jitayarishe kwa ugomvi mmoja. Sheria rasmi inasema ukiwekewa +2 unaokota mbili na zamu yako inapita. Mtu yeyote aliyelelewa na kadi ataweka +2 yake juu ili amsukumie wa pili, wa pili amsukumie wa tatu, hadi mtoto wa mwisho aokote nane huku machozi yanamlenga. Kwetu tumeruhusu, kwa sababu tungekataza nani angetii? Lakini kubalianeni kabla ya kugawa.

Za feki ziko kila mahali mjini, na kosa lake kubwa ni rangi. Mchana unaona sawa. Stima ikipotea, mkabaki na taa ya sola, kijani na buluu vinakuwa kitu kimoja. Zitazame dukani ukiwa umezikinga mwanga kwa mkono. Halafu zichanganye mara moja: zikishikana leo, baada ya wiki ya mikono yenye mafuta ya chapati hazitaachana kamwe.

Na kama bajeti imeisha kwa nauli, pakiti ya kadi za kawaida inafanya karibu kazi ile ile kwa bei ya soda chache. Nimeipanga chini ya UNO kwa sababu moja tu: ni zawadi, na wazee wengine wakiona kadi wanawaza kamari. Unamjua babako vizuri kuliko mimi.

3. Ludo

Bodi ambayo nyuma yake kuna nyoka na ngazi. Kila mtu anaijua, ni rahisi, na mtoto wa miaka mitano anajifunzia kuhesabu hapo. Kwa nini basi iko nafasi ya tatu? Kwa sababu ya sita. Ukihitaji sita ili kutoka nyumbani, hesabu ya dadu inasema karibu mchezaji mmoja kati ya watatu atarusha mara sita nzima bila kuipata. Yuko mchezoni na hachezi. Hapo ndipo mdogo anapoanza kurusha dadu chini ya kochi kwa hasira.

Dawa ni rahisi: kila mtu aanze na kete moja ikiwa tayari nje. Mchezo unafupika, na hakuna anayekaa tu. Nyoka na ngazi haina tatizo hilo, ila haina akili pia, dadu ndiyo inayocheza. Waachie wadogo.

Usinunue bodi ya karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nne, mkunjo hauishi na kete zinateleza hadi katikati. Tafuta ya mbao au ya plastiki ngumu, na ununue dadu mbili za ziada hapo hapo. Dadu ndiyo ya kwanza kupotea, kila mwaka, na mwaka jana tulicheza siku mbili na kipande cha muhogo kilichochongwa.

4. Drafti

Mimi naipenda kuliko zote, ndiyo maana najizuia. Ni ya watu wawili, wengine wote ni watazamaji wenye maoni. Ukiwa na mjomba anayeshinda stendi ya bodaboda akicheza, mnunulie yeye bodi nzuri, kisha watoto watengeneze yao: kadibodi, kalamu ya wino na vizibo 24 vya soda, kumi na viwili vikitazama juu, kumi na viwili vikitazama chini. Soda za Krismasi zitawapa vizibo vya kutosha kufikia saa saba mchana. Kabla ya kuanza, mseme kama kingi (kete iliyofika mwisho wa bodi) anaenda mbali au hatua moja moja. Nimeona ndugu wakinuniana kwa hilo.

Bao nimeliweka kando. Ni zawadi nzuri ajabu kwa mtu mmoja anayelijua, lakini kwa "haraka na kufurahisha" halimo, kunamua tu, yaani ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete bodini, kunahitaji mwalimu na jioni kadhaa. Na ukienda Maasai Market uwe macho: bodi nyingi za kukunja zinazouzwa kule zina safu mbili. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Ukimpelekea mzee wa Lamu hiyo ya safu mbili, atakushukuru kwa adabu na kuwekea funguo.

Kuna miwili nisiyoshauri. Monopoly inatoa watu mmoja mmoja na kuwaacha nje, kosa lile lile nililoanza nalo. Kama tayari unayo, angalau fuateni sheria ambayo karibu kila mtu huiruka: kiwanja ambacho mtu amekataa kununua kinapigwa mnada papo hapo. Mchezo utaisha mapema zaidi. Scrabble nayo ni tamu kwa wanaocheza kwa Kiingereza, lakini seti hiyo ya Kiingereza ina K moja tu. Jaribu kuandika "kikapu" au "kaka" bila kipande kitupu. Q na X zitakukalia mkononi hadi mwisho.

Pa kununua Nairobi: Text Book Centre na supamaketi kubwa ukitaka orijino, na Kamukunji ukinunulia nyumba tatu kwa mpigo. Gikomba na Toi kuna za mitumba, nyingine nzuri kabisa, ila hesabu vipande kabla ya kutoa pesa, si baada. Nenda katikati ya wiki, asubuhi. Halafu siku ya safari usiuweke mchezo kwenye buti ya basi pamoja na gunia la unga. Beba mkononi, funga boksi kwa raba mbili, dadu za ziada zikae kwenye pochi yako.